Somo, babangu alikaa na jaji, sasa kakangu ameitwa juri Marekani

Assalaam aleikum Somo. Nakuandikia usiku maana mchana sipati nafasi, na huyu ninayetaka kukwambia habari zake yuko chumba cha pili na najua hajalala.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nakaa Majengo hapa Mombasa na mume wangu na watoto watatu, na babangu mzazi nakaa naye tangu mama afariki. Kakangu mkubwa yuko Columbus, Ohio, huu mwaka wake wa kumi na tano, uraia wa kule ashachukua. Mwezi uliopita akatuma picha ya barua kwenye grupu letu la WhatsApp la familia, barua imetoka mahakama ya kaunti anayoishi, ati ameitwa kwenye juri. Hajashtakiwa wala hajafanya kosa, ameitwa tu akae na wenzake wasikilize kesi ya mtu waamue ana hatia au hana. Sisi huku tukampongeza lakini mwenyewe hataki hata kusikia. Afanya kazi ghala kwa shifti, amwogopa bosi wake, na marafiki zake washamfundisha maneno ya kusema ili arudishwe nyumbani siku hiyo hiyo, ajifanye Kiingereza hakimwingii, ama aseme anachukia polisi basi wamwache.

Nikamwendea baba nikamsomea ile barua nikidhani atafurahi mwanawe kuitwa jambo la heshima. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akavua miwani akasema mwambie asiende. Kisha akataka simu ampigie mwenyewe, na babangu Somo si mtu wa simu hata kidogo, akamwambia, "Usiende mwanangu. Ukienda utarudi na mtu mgongoni."

Ndo usiku ule akanieleza. Asema ilikuwa mwaka 1994, yeye karani bandarini, chifu alikuwa ashapeleka jina lake, akaitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza, wale watatu waliokuwa wakikaa na jaji kesi za mauaji. Mimi hata sikujua kama Kenya kulikuwa na kitu hicho. Mshtakiwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mpakia mizigo, alidaiwa kumdunga mtu kisu usiku nje ya mangwe, kilabu cha tembo la mnazi. Shahidi aliyemwona alikuwa mmoja tu, akasema alimtambua kwa mwanga wa koroboi. Sasa baba asema yeye alimsikia shahidi huyo huyo, kwa maskio yake, mapema asubuhi, akisema koroboi ilikuwa ndani juu ya meza ya muuzaji, na ugomvi wenyewe ulikuwa nje nyuma ya ukuta wa makuti. Likamganda kichwani, hiyo koroboi ilimulika vipi kutoka ndani mpaka nje nyuma ya makuti usiku wa giza?

Ikaja siku ya kutoa maoni, jaji akawauliza mmoja mmoja. Wa kwanza akasema ana hatia. Wa pili alikuwa ashamnong'oneza baba pale kwenye benchi kwamba ataka kuwahi feri, naye akasema ana hatia. Ikafika kwa baba na yeye ndiye mdogo wao kwa umri, akasimama akasema, "Nakubaliana na wenzangu." Maneno matatu Somo. Jaji akaja akasoma hukumu, hatia, kunyongwa. Mamake yule kijana akaanguka kwenye korido na pale njia ni nyembamba, baba asema ilibidi airuke miguu yake ndo apite. Miaka ya baadaye akamwona mama huyo Kongowea sokoni yuwauza mchicha, akarudi nyumbani na kikapu kitupu, na tangu hapo Kongowea hajaenda tena, na sisi siku zote tulikuwa twadhani ni uvivu wa soko.

Kosa langu nikamwambia, baba hayo ya zamani, sahau. Aliniangalia Somo, sijawahi kuangaliwa hivyo na babangu. Tangu siku hiyo hali vizuri, aamka saa nane za usiku kusali na najua aomba nini. Mume wangu asema ni uzee tu utapita. Mimi sioni kama ni uzee.

Nijibu maana sina wa kumuuliza. Babangu ameua mtu? Yule kijana walimnyonga kweli? Kakangu nimwambie aende ama amsikize baba? Na kuna hili lanizunguka kichwani, kule kwao wanakaa watu kumi na mbili na sisi hapa jaji mmoja peke yake, manake wao ndo wana haki kutushinda?

Binti wa Mzee, Majengo

---

Wa aleikum salaam mwanangu, na kwanza mpe babako salamu zangu kwa heshima yake.

Naanza na la kunyongwa kwa sababu ndilo linalomnyima mzee usingizi, na nataka ukimaliza kusoma sehemu hii uinuke uende ukamgongee mlango hata kama ni saa nane za usiku. Kenya haijanyonga mtu tangu mwaka 1987. Wa mwisho walikuwa wale wanajeshi wa jaribio la mapinduzi la 1982. Korti ziliendelea kutoa hukumu ya kifo miaka yote iliyofuata, kwa mauaji sheria haikumpa jaji nafasi ya kutoa nyingine, lakini kamba haikutumika. Kijana wa 1994 hakunyongwa. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia kifungo wote waliokuwa wakingoja kifo, zaidi ya watu 4,000, kikawa cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru akafanya hivyo tena kwa watu 2,747. Halafu tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Francis Muruatetu ikasema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha katiba, na waliohukumiwa kwa sheria ile ya zamani wakafunguliwa mlango wa kurudi Mahakama Kuu wapangiwe adhabu upya kulingana na kesi ya kila mmoja. Wengi walirudi nyumbani kwa mlango huo. Sikwambii yule kijana yuko nje, nakwambia tu kwamba picha ya kamba aliyoibeba babako miaka yote hii haikutokea.

Sasa, je ameua? Hapana mwanangu. Wazee wa baraza walikuwa washauri wa jaji. Kila mmoja alitoa maoni yake, na jaji hakufungwa nayo, angeweza kusikia watatu wakisema hana hatia na bado akamtia hatiani, ama kinyume chake, na ilitokea hivyo mara nyingi tu. Jaji ndiye aliyebeba uamuzi na ndiye aliyeandika sababu. Mpango wenyewe ulifutwa mwaka 2007, ndo maana wewe hukuukuta.

Lakini sitamdanganya mzee wa watu nimwambie hana lake katika jambo hili, kwa sababu yeye mwenyewe ajua analo, na ukimwambia hana atakuangalia vile alivyokuangalia ulipomwambia asahau. Lake ni kunyamaza. Na nitakueleza kwa nini kunyamaza kule kunauma hivyo, maana labda hata yeye hajui. Ile shaka yake ya koroboi haikuwa ushamba wa karani wa bandari. Ndiyo iliyokuwa sheria yenyewe. Tangu 1953, kesi ya Abdalla bin Wendo iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, imesemwa kwamba shahidi mmoja anaweza kutosha, lakini akiwa ni shahidi wa kumtambua mtu na hali haikuwa nzuri ya kuona, ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa kabla mtu hajatiwa hatiani. Na 1986 kwenye kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikasema wazi kwamba ukiambiwa mtu alitambuliwa usiku kwa taa, lazima uulize ilikuwa taa ya namna gani, mwanga wake mkubwa kiasi gani, na ilikuwa imekaa wapi ukilinganisha na aliyetambuliwa. Ilikuwa imekaa wapi! Swali la babako neno kwa neno. Alikuwa nalo mdomoni akalimeza kwa sababu wakubwa wake washasema na mmoja wao ana haraka ya feri.

Nimekaa na maneno yake matatu wiki nzima. Sisi watu wa pwani tumelelewa mdogo asimkatize mkubwa, na nyumbani ni adabu njema wala sitaki iondoke, lakini pale mahakamani jaji aliuliza kila mmoja peke yake makusudi, ili mdogo naye asikike. Adabu ya barazani ilimponza mahali ambapo ilikuwa haihitajiki. Mwambie hivyo, mwambie Somo amesema hakuwa mwovu, alikuwa mtoto wa watu aliyefundishwa heshima akaitumia mahali pasipo pake.

Na sasa kuna kazi ya kufanya, maana mtu mwenye majuto asiachwe akae tu na tasbihi, mpe kitu cha kushika mkononi. Muulize jina la mshtakiwa, hilo hajalisahau nakuhakikishia. Kenya Law wanaweka hukumu kwenye mtandao bure, zikiwemo nyingi za Mahakama ya Rufaa za miaka ya tisini, na aliyehukumiwa kifo alikuwa na haki ya kukata rufaa, kwa hivyo tafuta jina hilo kwanza kwenye rufaa. Inawezekana majaji wa rufaa waliiona ile koroboi wenyewe na wakamwachilia zamani sana huku babako akikwepa Kongowea bure. Usipopata mtandaoni nendeni rejista ya mahakama na jina na mwaka, muulize karani faili, ni rekodi ya umma, jipangie tu kwamba faili la mwaka 1994 halitoki siku moja. Ikionekana bado yuko ndani, hapo usikae na jambo hilo peke yako, nenda Kituo cha Sheria, wana ofisi hapa Mombasa, ama wale wa huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016, uwaulize kama amewahi kupelekwa kupangiwa adhabu upya. Babako hawezi kubadilisha maoni aliyotoa 1994, lakini anaweza kuwa ndiye aliyeulizia jina la mtu ambaye pengine hakuna mwengine anayemuulizia.

Jambo moja nakuomba sana, asiende kwa yule mama wala jamaa zake kabla hamjajua ukweli. Kama mtoto alifia ndani, mzee kutokea mlangoni kuomba radhi ni kumtonesha mtu kidonda ili yeye apate usingizi. Mkishajua, mtafuteni imamu ama mzee mnayemwamini awaongoze, na msitangulize bahasha ya pesa.

Nimekaa sana kwa babako, nisamehe, sasa nije kwa kakako.

Hiyo hila aliyofundishwa aitupe. Kule majina ya watu wa juri yanatolewa kwa bahati nasibu kutoka orodha kama za wapiga kura na wenye leseni za kuendesha gari, raia tu ndio wanaokaa, na kabla ya kesi jaji na mawakili wanawauliza maswali watu wakiwa wamekula kiapo. Kusema uongo pale ni kosa la jinai, na ajifanye hajui Kiingereza vipi mtu aliyefanyiwa mahojiano ya uraia kwa Kiingereza? Kuipuuza barua pia si dawa. Kwenye mahakama zao za shirikisho sheria inataja faini mpaka dola 1,000 ama siku 3 jela, na mahakama za majimbo nazo zina adhabu zake. Kuhusu bosi, sheria inakataza kumfuta mtu kazi kwa sababu ameitwa juri, amwonyeshe barua mapema apange shifti. Malipo ni kidogo kweli, za shirikisho ni dola 50 kwa siku na za majimbo mara nyingi hazifiki hapo, kwa hivyo kama ana shida ya kweli, mgonjwa nyumbani ama tarehe imegongana na kitu, aombe kwa maandishi isogezwe mbele, watu wengi hukubaliwa. Na kama kweli ana chuki na polisi kiasi cha kutoweza kusikiliza kwa haki, aseme kwa sababu ni kweli, asiseme kwa sababu ni njia ya kutokea.

Hofu ya babako ya kurudi na mtu mgongoni naielewa, lakini kiti atakachokaa kakako si kile cha mzee wake. Kwenye kesi kubwa ya jinai wanakaa kumi na mbili na lazima wote wakubaliane. Kulikuwa na majimbo mawili, Louisiana na Oregon, yaliyokuwa yakiruhusu kumi dhidi ya wawili, mpaka 2020 Mahakama ya Juu yao ikakataza. Kwa hivyo mmoja akisema mimi nina shaka, lazima wamsikize, na wakishindwa kabisa kukubaliana jaji anaivunja kesi na upande wa mashtaka uamue kama utaanza upya. Kupanga miaka ya kifungo kwa kawaida ni kazi ya jaji, wao wanaulizwa tu kama hatia imethibitishwa bila shaka ya maana. Mtu mmoja mwenye swali la koroboi angekuwa na nguvu kule kuliko alivyokuwa nayo babako hapa.

Lakini nguvu hiyo ni ya anayefungua mdomo! Wale kumi na mbili nao wana shifti, wana watoto wa kuchukua shule, na Ijumaa jioni kila mtu anataka aende zake. Kuna feri kila mahali mwanangu.

Umeniuliza kama wao wana haki kutushinda kwa kuwa ni wengi. Ngoja nikwambie ya hapa hapa Kenya. Wakati wa mkoloni juri ilikuwepo, ya Mzungu. Mzungu akishtakiwa kosa kubwa alikaliwa na Wazungu wenzake, na Mwafrika akishtakiwa alipata jaji na wazee wa baraza wasio na nguvu, huko ndiko kilikotoka kiti cha babako. Mwaka 1923 mlowezi anaitwa Jasper Abraham alimchapa mfanyakazi wake, Kitosh, kwa sababu ya kumpanda farasi aliyetakiwa amkokote tu, akamfunga stoo usiku na asubuhi mtu amekufa. Kesi ikaenda Nakuru, juri ya Wazungu, madaktari wakasimama wakasema marehemu mwenyewe alitaka kufa na kutaka kwake kulichangia, na juri ikasema si mauaji ni kuumiza vibaya. Miaka miwili. Wengi walikuwepo pale na haki ya Kitosh haikuwepo. Na Marekani wenyewe waendesha mashtaka walikuwa wakiwaondoa watu weusi kwenye juri mpaka Mahakama ya Juu yao ikawakataza mwaka 1986 kwenye kesi ya Batson, na malalamiko hayajaisha mpaka leo. Isitoshe kesi zao nyingi hazifiki kwa juri kabisa, zaidi ya tisa katika kila kumi za waliotiwa hatiani ni watu waliokiri kwa makubaliano na mwendesha mashtaka.

Jaji mmoja wa kwetu ana jambo moja wale kumi na mbili hawana, lazima aandike kwa nini, na ukiona amekosea unayachukua maandishi yake unaenda nayo rufaa. Juri inasema hatia au si hatia ikaondoka, sababu wanaondoka nazo. Mimi kwa hivyo simpi ushindi yeyote kwa hesabu ya vichwa, naangalia nani amekaa pale na kama aliuliza. Na ndo maana nataka kakako akae. Atakayeshtakiwa pale Columbus huenda akawa mtu mweusi, ama mgeni mwenye lafudhi nzito ambayo wengine wataisikia kama ni uongo, na kakako ajua vizuri kwamba mtu kubabaika kwa Kiingereza si dalili ya hatia. Akikimbia, kiti chake hakibaki wazi, anakalia mwengine.

Sasa sikiza, hili lina saa yake. Akishachaguliwa kukaa kwenye kesi haruhusiwi kuizungumza na mtu yeyote nje mpaka iishe, wala kuichunguza mtandaoni, na hata kuitaja kwenye lile grupu lenu itakuwa makosa makubwa, muwaonye ndugu wote wasimuulize. Kwa hivyo mzee kama ana la kumwambia amwambie sasa, kabla ya tarehe ya kwenye barua. Habari ya mgongo ashamwambia. Hajamwambia ya koroboi, si ndiyo? Wewe ndo umeisikia, yeye kule ameambiwa usiende tu na hajui kwa nini. Kesho baada ya Isha, kule kwao bado mchana, mkalishe babako karibu na simu umpigie kakako, kisha wewe nyamaza, umwache amhadithie mwanawe yote tangu ile benchi mpaka korido, na swali alilolimeza alitamke lote.